Gari la Mayatima na Bawabu Aliyefukuzwa

Wasomaji wapenzi, katika ukurasa huu mmezoea kunikuta nikizungumza habari za tungo, za misemo ya wazee na za mambo yetu ya Pwani. Leo nitazungumza habari za injini. Msinicheke. Mimi nililelewa chuoni kwa ubao na wino, na spana sikuijua mpaka mvi zilipokwisha kuniingia kichwani. Walakini mambo yamenilazimu, na niliyojifunza naona si haki kuyafungia moyoni.

Ndugu yangu mkubwa alipofariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliacha mjane, watoto watatu na pikapu ya dizeli. Jamaa walikaa kitako wakakata shauri kwamba gari nilisimamie mimi mpaka kijana mkubwa apate leseni na akili ya kazi. Gari hilo hukodishwa kubeba sufuria na majamvi ya harusi, makuti na mifuko ya saruji, na pato lake ndilo liwalipialo karo wale wadogo wawili. Basi si gari langu. Ni mali ya mayatima iliyo mikononi mwangu, na kila aliyepita chuoni ajua uzito wa mali ya namna hiyo.

Jumamosi moja tulitoka Mombasa na shehena ya sufuria na mchele wa harusi kwenda Mariakani. Njia ile ni tambarare kwa kitambo, kisha yapanda kuelekea Mazeras, na malori hupanda yakinguruma kama yaliyoudhiwa. Tulipokuwa katikati ya mwinuko nikaona mshale wa geji ya moto, ambao asubuhi nzima ulilala chini kabisa, umeruka juu mpaka kwenye wekundu. Punde si punde mvuke ukatoka mbele ya gari kama birika la kahawa lililosahauliwa jikoni. Tukasimama kando.

Kijana wangu, yule mkubwa, akatwaa kitambaa mbio kwenda kuufungua mfuniko wa rejeta. Bahati njema, mzee mmoja aliyekuwa akiuza madafu kando ya njia alimpigia ukelele: "We mwana! Uwache mfuniko huo! Wataka kuunguka uso?" Akaurudisha mkono. Baadaye nilifahamishwa kwamba maji yaliyofungiwa ndani ya rejeta huwa na joto kupita kiwango cha kuchemka, na kinachoyazuia yasigeuke mvuke ni ule mfuniko tu. Ukifunguliwa, yote huruka kwa mara moja. Watu wameharibikiwa na macho kwa haraka ya dakika moja. Injini iliyochemka huachwa ipoe, hata kama wenye harusi wanangoja.

Sufuria tulizipakia gari jingine, nasi tukarudi polepole mpaka kwa fundi mmoja mzee huko Kisauni, afanyaye kazi yake chini ya mwembe. Jambo la kwanza alivuta kijiti cha oili akakitazama. Nilimwuliza atazamani. Akasema, "Maalim, nataka kuona kama oili imegeuka chai ya maziwa. Ikigeuka, basi maji yameingia ndani, gaskiti ya hedi imekwenda, na pengine hedi yenyewe imepinda." Moyo ulinienda mbio. Hedi ni kichwa cha injini. Ikipinda, gharama yake ingalimeza karo ya mwaka. Oili ilikuwa nyeusi kama ilivyo desturi ya dizeli. Nikamshukuru Mola.

Kisha akaufuata ule mpira mnene wa juu, utokao kwenye rejeta kuingia kwenye injini. Mwisho wake pana kifuniko kidogo cha chuma kilichofungwa kwa bolti. Akakifungua, akatia kidole, akacheka cheko la mtu asiyefurahi.

"Maalim, hapa palikuwa na bawabu. Mumemfukuza lini?"

Kijana akadakia: "Ami, namkumbuka fundi mmoja aliyemwambia baba kwamba thamostati ni kitu cha nchi za baridi. Pwani hapana theluji, ati yazuia maji bure. Akaitoa akaitupa."

Wasomaji, naamini wengi wenu mumepata kuambiwa maneno hayo hayo. Yana sura ya kweli, lakini ndani hayana kitu. Nisikilizeni niyaeleze kama nilivyoelezwa.

Thamostati ni kidude cha shaba na chuma, ukubwa wake si zaidi ya kikombe cha kahawa chungu. Tumboni mwake mna nta. Maji ya injini yakiwa baridi, mlango wake hufungwa, na maji huzunguka ndani ya injini tu ili ipate joto upesi. Joto likifika kiasi chake, nta huyeyuka na kuvimba, ikasukuma kipini, mlango ukafunguka, maji yakaenda kupoa kwenye rejeta. Maji yakipoa, nta hujikunja na springi huurudisha mlango. Hapana umeme wala mkono wa mtu. Aina hii ya nta ilibuniwa na Sergius Vernet huko Marekani katika miaka ya 1930, na hata leo hutumika katika magari mengi ulimwenguni.

Sasa, mbona injini ihitaji joto na sisi Pwani twatokwa jasho usiku na mchana? Jawabu limo katika dizeli yenyewe. Injini ya petroli huwashwa kwa cheche ya plagi. Dizeli haina cheche. Hewa hubanwa katika silinda mpaka ikapata moto wa kuyawasha mafuta yanaponyunyizwa. Ndivyo alivyoiwazia Mjerumani Rudolf Diesel, ambaye injini yake ilifaulu mwaka 1897. Basi kuta za silinda zikiwa baridi, huinyang'anya hewa joto lake. Mafuta huungua nusu nusu, moshi ukawa mwingi, na yale yasiyoungua huosha oili kutoka kwenye kuta, vyuma vikasagana. Jua letu lilichomalo kufikia nyuzi 30 na kitu ni baridi kwa injini ipendayo kukaa katika nyuzi 80 na 90. Ndiyo sababu gari letu lilikuwa likitoa moshi kila asubuhi na kunywa dizeli kama ngamia, nami nikidhani ni uzee.

Nikamwuliza fundi: "Kama bawabu hayupo na mlango u wazi daima, mbona basi tulichemka Mazeras?"

Akanijibu kwamba katika injini ya namna ile, bawabu ana milango miwili. Afunguapo wa kwenda kwenye rejeta, huufunga ule wa njia ya mkato. Akiondolewa, njia ya mkato hubaki wazi, na sehemu ya maji moto hurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Kwenye tambarare hutalijua hilo. Kwenye mwinuko, na mzigo mgongoni, utalijua.

Tena palikuwa na kosa la pili, na hilo ni langu mwenyewe. Kila maji yalipopungua nilimwambia kijana atie ya kisimani. Visima vyetu vingi vya karibu na bahari vina chumvi. Fundi alipofungua bomba la chini la rejeta, yalitoka maji ya rangi ya ukwaju, na vipande vya kutu. Rejeta ilibidi kupelekwa kuzibuliwa. Nusu ya vijia vyake vilikuwa vimejaa ukoko kama ule wa ndani ya birika la chai.

Kazi yenyewe ilifanywa siku iliyofuata, injini ikiwa baridi kabisa. Walifungua bomba la rejeta na bolti ya kumwagia maji iliyo ubavuni mwa injini, kwani ukimwaga ya rejeta peke yake, machafu mengi hubaki ndani. Wakasukutua kwa maji safi mpaka yakatoka meupe. Fundi hakuamini thamostati mpya kwa upya wake. Aliifunga uzi akaining'iniza katika sufuria ya maji jikoni, isiguse chini, pamoja na kipimajoto. Juu yake paliandikwa 82. Maji yalipofika hapo, mlango ukaanza kufunguka. Yalipokaribia 95 ukawa wazi wote. Ndipo aliporidhika.

Akakwangua gaskiti kuukuu mpaka chuma kikang'aa, akaitia thamostati upande wa nta ukielekea injini, na kile kitundu chake kidogo kikiwa juu ili hewa ipate kutoka. Gaskiti mpya, bolti zikakazwa huku na huku kwa zamu, wala si moja mpaka mwisho.

Halafu kulanti. Hii nayo watu huiita dawa ya baridi, kisha wakasema Pwani haina kazi. Kuzuia barafu ni kazi yake moja tu. Kazi nyingine ni kuzuia kutu, na kuyafanya maji yachelewe kuchemka: ikichanganywa nusu kwa nusu, huchemka kama nyuzi 107, na mfuniko mzima huongeza hapo. Fundi aliichanganya na maji ya kutilia betri, yale yaliyovukizwa na kutoneshwa, yasiyo na chumvi. Akajaza polepole, injini ikiunguruma na mfuniko u wazi, mapovu ya hewa yakitoka. Tuliugusa mpira wa juu: baridi, baridi, kisha ghafula moto. Bawabu amefungua! Akaongeza iliyopungua, akafunika, na kesho yake asubuhi akatazama tena.

Nawausia jambo moja kwa msisitizo. Kulanti ya kawaida ni sumu, na ladha yake ni tamu. Msiimwage uani wala mtaroni wapitapo watoto, na paka wetu wa mitaani nao ni viumbe wa Mungu. Sisi yetu chafu tuliitia mtunguni tukaufunga.

Tangu siku hiyo mshale wa geji hupanda polepole asubuhi, kisha hukaa katikati. Moshi umepungua, na pesa za dizeli zimepungua. Mazeras tumepanda mara nyingi, na mzee wa madafu sasa ni rafiki yetu.

Sisi watunzi tulipata kuambiwa, hasa katika miaka ya 1970, kwamba vina na mizani ni kizuizi cha bure, vitolewe ili maneno yapite. Ubishi huo sitaufufua hapa. Nasema tu kwamba kabla ya kukitupa kizuizi, ni vyema kuuliza aliyekiweka alikusudia nini. Ndugu yangu hakuuliza, nami sikuuliza, na kidogo mayatima wayalipe makosa yetu.

Nimemwandikia kijana ubeti mmoja, ameubandika ndani ya gari:

Mlinda lango bawabu, usimfukuze kazi,
Maji yataka hisabu, moto wataka malezi,
Apuuzaye sababu, huja akatoa chozi,
Amana ina majibu, mbele ya Mola Mwenyezi.