Ethi, unyevu na rutuba ya udongo

Neno ethi liliingia katika Kiswahili cha mafundi wa umeme kutoka Kiingereza, ambako maana yake ni ardhi. Liko katika ngeli ya I-ZI: ethi imekatika, ethi zimekaguliwa. Fundi asemapo kuwa nyumba haina ethi, amaanisha kwamba nyaya zake hazikuunganishwa na udongo ipasavyo. Umeme ukivuja kwenye bodi la friji, hauna njia ya kushuka chini ila kupitia kwa mtu atakayeigusa.

Jina hilo lakini laficha jambo moja. Udongo uliokauka kabisa hukaribia kuwa kihami. Kinachopitisha mkondo ni maji yaliyo kati ya chembe za udongo, pamoja na chumvi za madini zilizoyeyuka humo. Unyevu unapopanda kutoka sufuri hadi asilimia 15 hivi, ukinzani hushuka kwa kasi. Kuanzia hapo mabadiliko ni madogo. Si vibaya kukumbuka kwamba rutuba, neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, huko kwao maana yake ni unyevu. Mkulima wa Kiswahili amelipeleka kwenye mbolea. Fundi wa umeme angenufaika kwa kulirudisha lilikotoka.

Mbeya na Iringa hupata msimu mmoja wa mvua, takriban Novemba hadi Aprili. Baada ya hapo udongo wa juu hukauka kwa miezi kadhaa, tena katika baridi ya Juni na Julai, jambo ambalo msomaji wa pwani, aliyezoea kuhusisha ukavu na joto, huenda asilitarajie. Tofauti za mahali nazo ni kubwa. Tukuyu, chini ya Mlima Rungwe, kuna udongo mzito wa volkano na mvua nyingi. Mjini Iringa miamba ya matale hujitokeza waziwazi, kama lile jiwe la Gangilonga, ambalo jina lake kwa Kihehe ni jiwe linenalo. Penye mwamba karibu na uso wa ardhi, ethi rodi hugota mapema na kubaki katika tabaka lile linalokauka kwanza.

Chukua mfano wa rodi iliyopimwa Februari ikatoa omu 20, na Oktoba ikatoa omu 100. Volti 230 kwa omu 100 ni ampea 2.3. Sakiti breka ya ampea 32 haitashtuka, na bodi la friji litabaki na umeme. Hata zile ampea 11.5 za Februari hazitoshi kuikata. Ndiyo maana, pale rodi ilipo njia pekee, huhitajika pia swichi ya kukata umeme unaovuja, ambayo hushtuka kwa milliampea 30; kwa kiasi hicho, omu 100 huacha volti 3 tu.

Bado rodi yenyewe yafaa ifike kwenye unyevu wa kudumu. Mwamba ukizuia, huwekwa rodi kadhaa zilizoachana kwa umbali usiopungua urefu wa rodi moja, au waya mrefu hulazwa mtaroni. Mkaa na chumvi, dawa ya mafundi wengi, hupunguza ukinzani kwa muda, lakini mvua huiosha chumvi, nayo huila rodi. Kipimo nacho kifanywe Oktoba, kabla ya mvua.