Mlinzi wa Saa

Haya, sogeeni. Migodi mikubwa ya dhahabu ya kanda yetu, ule wa Geita na ule wa Bulyanhulu upande wa Kahama, hailali. Kazi ni usiku na mchana, kwa zamu. Tuseme mmepewa kazi ya kutengeneza fomu ya kompyuta ya kuandikia saa ya kuingia zamu. Huyu ataandika 07:00, yule 7.00, na hakosi wa kuandika “mapema tu”.

Wekeni mlinzi getini. Watengeneza programu humwita rejeksi: alama chache zinazoeleza maandishi yawe na umbo gani. Hesabu yake aliibuni Mmarekani Stephen Kleene mwaka 1951, na mwaka 1968 Ken Thompson akaonyesha namna ya kuitumia kutafuta maneno kwenye kompyuta. Tuanze hivi:

[0-2][0-9]:[0-5][0-9]

Kila mabano ya mraba yanadai tarakimu moja kati ya zilizotajwa. Dakika zimekaa sawa, mwisho 59. Saa je? Jaribuni 27:45. Imepita! Basi tugawe njia kwa mstari wima: ikianza 0 au 1, inayofuata ni yoyote; ikianza 2, isivuke 3.

^([01][0-9]|2[0-3]):[0-5][0-9]$

Kikofia cha mwanzo na dola ya mwisho msividharau. Vinasema “anzia hapa, ishia hapa”. Mkiviondoa, mtu akiandika 107:300, mlinzi ataona 07:30 katikati na kumfungulia.

Sasa utamu wenyewe. Mama ameambiwa aingie saa mbili usiku. Anaandika 02:00, kama sote tunavyohesabu Shinyanga na Geita. Mlinzi anatazama umbo, halina kasoro, anapitisha. Kumbe kompyuta imeelewa saa nane usiku! Zamu yake ilikuwa 20:00.

Kosa si la mama. Ni la fomu iliyomlazimisha kuacha saa yake. Mimi ningeandika hivi:

^([1-9]|1[0-2]):[0-5][0-9] (asubuhi|mchana|jioni|usiku)$

Aandike 2:00 usiku, kisha programu ndiyo ihangaike kugeuza iwe 20:00. Hata hivyo mlinzi huyu bado atapitisha 3:00 jioni, saa ambayo hakuna anayeisema. Mrekebisheni wenyewe, kila kipindi kipewe saa zake.