Je, Baridi Huozesha Meno?

Kila mwaka mwezi wa Juni uingiapo, ukungu hushuka kutoka milima ya Nyambene ukaufunika mji wa Maua, na siku nyingine jua halionekani hata saa sita mchana. Wachuma chai wa Kiegoi huenda shambani wamejifunga shuka vichwani, na makarani huandika bila kuvua makoti. Ndipo malalamiko yale yale husikika sokoni, ofisini na katika magari, kwamba meno yanauma kwa sababu ya baridi. Huyu akivuta pumzi kwa kinywa asubuhi huona kama amechomwa sindano. Yule hawezi kunywa maji ya mtungi. Na kwa kuwa maumivu huja na baridi na kuondoka nayo, wengi hukata shauri kwamba baridi ndiyo iozeshayo meno, wakakaa kungojea Septemba.

Kungojea huko ndiko kunakowapotezea watu meno yao. Baridi haiozeshi jino. Kazi yake ni kama ya mvua juu ya nyumba ya bati: mvua haitoboi bati, bali huonyesha mahali palipokwisha kutoboka.

Jino limevikwa gamba jeupe, gumu kuliko mfupa wo wote mwilini, na gamba hilo halina hisia hata kidogo. Chini yake mna sehemu ya pili, laini zaidi, yenye vijitundu visivyoonekana kwa macho, na ndani ya vijitundu hivyo mna majimaji. Katikati kabisa mna kiini chenye mishipa ya damu na ya fahamu. Gamba likiwa zima, baridi haifiki mbali. Lakini likiisha kulika, au ufizi ukirudi nyuma na kuacha shina la jino wazi, hewa ya baridi huyasukuma majimaji yale kwa ghafula, na mtu husikia maumivu makali. Ni ndugu wa ganzi ile waijuayo wote waliopata kula ndimu au ukwaju.

Sasa yafaa kuuliza gamba huliwa na nini, na hapa mwenye kosa ni desturi zetu za msimu wa baridi kuliko baridi yenyewe. Juu ya meno hukaa utando wa vijidudu ambao hugeuza sukari kuwa asidi, na asidi hiyo hulila gamba kwa muda wa nusu saa hivi kila mtu anywapo au alapo kitu kitamu. Kikombe kimoja cha chai ya sukari pamoja na chakula si neno kubwa. Taabu ni ile chupa ya chai ikaayo mezani tangu asubuhi hata jioni, karani akinywa funda moja kila robo saa ili apate joto. Meno yake hayapati hata saa moja ya kupumzika. Majani ya chai hayana hatia. Mwenye hatia ni sukari. Anayetaka joto mchana kutwa na ajizoeze chai kavu, ingawa nyumba nyingi za Meru zitaliona shauri hilo kuwa adhabu.

Jambo jingine ni la Maua hasa. Miraa ndiyo mali ya Igembe. Imelipa karo na kujenga nyumba za mawe, wala si makusudi ya makala haya kuikemea. Walakini mwenye kuitafuna yampasa ajue yaupatayo mdomo wake. Miraa hukausha mate, na mate ndiyo maji yaoshayo meno mchana na usiku. Kinywa kikikauka, mtafunaji hutafuta soda, peremende au chingamu ya kuondoa uchungu, na utamu huo hukaa juu ya meno kwa saa nyingi pasipo mate ya kuuosha. Tena wengi hulundika majani katika shavu moja tu, na mara nyingi ufizi wa upande ule ndio urudio nyuma. Mtu huyo akipatwa na ganzi alfajiri ya Julai akingojea gari, asiulaumu mlima. Anywe maji matupu badala ya soda, na chingamu ikimlazimu, achague isiyo na sukari.

Kisha liko jambo la mswaki wenyewe. Maji yakiwa kama barafu, wengi huahirisha kusugua meno mpaka jua litoke, na halitoki. Dawa yake ni kuyatia jikoni pamoja na maji ya kunawa uso. Kusugua kuwe mara mbili kwa siku, na kwa vyo vyote usiku kabla ya kulala, maana usingizini mate hupungua. Makaa na mchanga viachwe: meno hung'aa kwa sababu gamba lenyewe linakwanguliwa, nalo halioti tena. Mswaki wa mti si mbaya; Shirika la Afya Ulimwenguni liliupendekeza mwaka 1986. Lakini dawa yenye floraidi isikosekane, na mtu akiisha kusugua ateme povu bila kusukutua sana, ili dawa ibaki juu ya meno.

Nguvu ya floraidi ilijulikana sana baada ya mji wa Grand Rapids huko Marekani kuanza kuitia katika maji ya bomba mwaka 1945, na kuoza kwa meno ya watoto kukapungua kwa zaidi ya nusu. Ikizidi huleta madoa ya kahawia, kama yaonekanavyo sehemu za Bonde la Ufa karibu na Nakuru. Kwa hiyo mtoto wa chini ya miaka 3 atiliwe kiasi cha punje ya mchele tu, na wa miaka 3 hadi 6 kiasi cha punje ya njegere.

Wazazi waangalie sana mtoto afikapo umri wa miaka 6. Wakati huo gego huota nyuma ya meno ya utoto bila jino lo lote kung'oka kwanza, na kwa hiyo wengi hulidhani kuwa la utoto, wakaliacha lioze. Jino hilo ni la maisha. Likipotea hakuna jingine.

Ganzi ipitayo mara moja yaweza kutulizwa kwa mswaki laini na dawa ya floraidi kwa majuma kadhaa. Aspirini isibandikwe kwenye ufizi, kwani huuunguza. Lakini maumivu yakikaa baada ya baridi kuondoka, au yakimwamsha mtu usiku, mgonjwa aende kwa daktari wa meno jino lingali laweza kuzibwa. Na shavu likivimba pamoja na homa, au uvimbe ukishuka chini ya taya, au kumeza kukawa taabu, aende hospitali siku ile ile, hata kama ni usiku, kwa kuwa uvimbe huo waweza kuziba njia ya pumzi.