Mtoto asiyetulia: Si kila utundu ni utovu wa adabu



Zipo nyumba ambazo tangu asubuhi hadi usiku husikika jina la mtoto mmoja tu. "Kaa chini wewe! Acha hiyo! Nimekutuma nini?" Katumwa chumvi dukani, kasahau njiani. Daftari la hesabu kaliacha shuleni kwa mara ya tatu wiki hii. Madrasa, ustadhi kamtoa nje kwa kuwa hawezi kukaa mkekani dakika tano bila kumgusa mwenzake. Baba akirudi jioni anapokea mashitaka, na fimbo inashushwa. Kesho yake hali ni ile ile.

Ukiona fimbo inatumika kila siku kwa kosa lile lile na hakuna kinachobadilika, ni vyema ujiulize: je, mtoto huyu hataki, au hawezi? Katika makala haya tutazungumzia watoto ambao kwao jibu ni la pili.

Ni tatizo gani hili?

Madaktari hulijua kwa herufi za ADHD. Kwa lugha yetu tunaweza kusema ni tatizo la mtoto kukosa umakini, kutotulia na kutenda kabla ya kufikiri, kwa kiasi kilichozidi umri wake. Si jambo jipya. Mwaka 1902 daktari wa watoto George Still alitoa mihadhara jijini London kuhusu watoto wa namna hii. Makadirio ya kidunia ni kwamba katika kila watoto 100, takriban watano wanalo. Kwa hiyo darasa la wanafunzi 60 laweza kuwa na watoto watatu.

Chanzo chake kiko katika namna ubongo unavyokua, hasa sehemu zinazomwezesha mtu kujizuia, kupanga mambo na kukumbuka alichoambiwa. Mara nyingi hurithiwa. Usishangae bibi akikwambia, "Baba yake naye alikuwa hivi hivi." Kuzaliwa kabla ya wakati, kuzaliwa na uzito mdogo, na mama kuvuta sigara au kunywa pombe akiwa mjamzito huongeza uwezekano. Malezi ya mama hayasababishi tatizo hili, wala sukari. Basi tuache kumlaumu mama wa mtoto kila mtoto anapovunja kikombe.

Dalili ziko za aina mbili. Ya kwanza ni kukosa umakini: hamalizi kazi, anapoteza kalamu na viatu, anaitwa kama hasikii, anafanya makosa ya haraka haraka. Ya pili ni kutotulia: anahangaika kitini, anapanda kila mahali, anadakiza maneno, hawezi kungoja zamu. Wengine wana aina zote mbili. Watoto wa kike aghalabu huwa na aina ya kwanza. Kwa kuwa wanakaa kimya wakitazama dirishani, hakuna anayewashitukia, wanaambiwa tu ni wazito wa kuelewa.

Hata hivyo, kila mtoto ana utundu wake. Daktari hatasema ni ADHD mpaka dalili ziwe nyingi, zimedumu miezi sita au zaidi, zilianza kabla ya miaka 12, zinaonekana mahali zaidi ya pamoja, mathalani nyumbani na shuleni, na zinamkwamisha mtoto. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa inayothibitisha. Daktari hutegemea maelezo ya wazazi na walimu.

Kabla hujahitimisha

Mpeleke kwanza mtoto akapimwe masikio na macho. Asiyesikia vizuri naye huonekana hajali. Iko pia kifafa isiyoangusha, ambayo mtoto huduwaa kwa sekunde chache kisha akaendelea kama kawaida. Upungufu wa damu, njaa, kukosa usingizi, kukoroma kwa sababu ya mafindofindo, msiba au kuonewa na mtu, yote haya yaweza kumvuruga mtoto akaonekana hivyo hivyo.

Wapo pia wanaosema mtoto ana jini. Kumwombea mtoto dua ni jambo jema la kila siku, lakini lisikuzuie kumpeleka hospitali. Na yeyote atakayetaka kumchapa, kumfukiza moshi au kumnyima chakula ili atulie, mwondolee mtoto wako.

Nyumbani

Kwanza, punguza maagizo. Mzazi husema, "Chukua ndoo uteke maji, ukimaliza funika pipa, halafu nenda dukani ulete chumvi, na chenji usisahau." Mtoto huyu ameshika ndoo tu, mengine yamepotea. Msogelee, mwite jina, akutazame, mpe jambo moja. Mwambie alirudie kwa mdomo wake. Akilimaliza, mpe la pili.

Pili, weka ratiba isiyobadilikabadilika. Nyumba ya Kiislamu ina bahati hapa, kwani siku yetu tayari imegawanywa na adhana. Mfungamanishie mambo yake na swala: baada ya Alfajiri kupiga mswaki na kuvaa, baada ya Alasiri kazi za shule, baada ya Magharibi kusoma Qur'an, baada ya Isha kupanga begi na kulala. Mtoto asiyejua kupima muda ataijua adhana. Mwezi wa Ramadhani ratiba hubadilika na watoto hawa huyumba zaidi, hivyo hakikisha usingizi wake haupotei kwa daku na tarawehe.

Tatu, usafi umfundishe kwa hatua. Ukimwambia "kaoge", atakuta mjusi bafuni na kusahau sabuni. Chora picha nne ukutani: maji, sabuni, kujisuuza, taulo. Utaona udhu kwake ni rahisi, kwa kuwa una mpangilio ule ule kila siku: mikono, mdomo, pua, uso, na kuendelea. Tumia njia hiyo hiyo kwa mswaki, kucha na kunawa baada ya kutoka chooni.

Nne, msifu papo hapo. Mtoto huyu husikia makaripio kutwa nzima, mpaka huamini kwamba yeye ni mbaya, na akishaamini hivyo huacha kujaribu. Basi mwangalie anapofanya vizuri, umwambie ulichokiona: "Nimeona umeweka viatu mahali pake, ahsante." Zawadi nayo iwe ndogo na ya leo leo. Kumwahidi baiskeli mwishoni mwa mwaka hakumsaidii, kwani kwake mwishoni mwa mwaka ni mbali mno.

Tano, adhabu iwe fupi, ya papo hapo na inayofahamika tangu mwanzo. Kamwaga maji kwa kukimbia? Adeki mwenyewe. Kampiga mwenzake mchezoni? Akae pembeni dakika chache. Kipigo humtisha kwa muda, lakini hakimpi uwezo wa kujizuia. Wengi wa watoto hawa wanaijua kanuni vizuri, na ukiwauliza wataitaja. Kinachowashinda ni kuikumbuka katika sekunde ile ya kutenda.

Sita, kazi za shule zigawe. Dakika 10 au 15 asome, kisha anyooke, anywe maji, arudi. Mkekani pawe na daftari moja na kalamu moja, televisheni imezimwa, simu iko mbali.

Saba, mpe nafasi ya kukimbia. Mpira, kuruka kamba au kuteka maji, vyote vinamsaidia kutulia baadaye. Usiku alale mapema. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12.

Nane, mlinde. Kwa kuwa hutenda kabla ya kufikiri, mtoto huyu huumia zaidi ya wenzake. Kisima kifunikwe, jiko la mkaa lisiachwe chini bila mtu, dawa na mafuta ya taa viwe juu. Barabarani mshike mkono hata kama wa umri wake wanavuka wenyewe.

Shuleni na madrasa

Usingoje kuitwa. Nenda mapema, kabla mwalimu hajachoka naye. Waweza kumwambia hivi: "Mwalimu, huyu mwanangu hata nyumbani hakai. Nimeanza kumpa jambo moja moja na naona nafuu. Naomba tusaidiane." Maneno kama haya humfanya mwalimu awe mwenzako.

Kisha ombeni yanayowezekana hata katika darasa lililojaa. Akae mbele, mbali na mlango na dirisha, karibu na mwanafunzi mtulivu. Mwalimu amguse bega kabla ya kutoa maagizo, na maagizo yaandikwe ubaoni. Apewe maswali matano, akimaliza apewe matano mengine. Atumwe kufuta ubao au kukusanya madaftari, apate kusimama bila kuonekana mkorofi. Asinyimwe mapumziko kama adhabu, kwani ndiyo dakika anazozihitaji zaidi.

Liwepo pia daftari dogo la mawasiliano. Mwalimu aweke alama kwa mambo mawili tu, mathalani "amengoja zamu" na "amemaliza kazi". Nyumbani asifiwe kwa alama hizo siku hiyo hiyo.

Madrasa nako, ustadhi amsikilize miongoni mwa wa kwanza, asimngojeshe hadi mwisho. Ampe aya chache, azirudie kwa sauti, apumzike, aongeze. Wapo wanaohifadhi vizuri wakiwa wamesimama au wakitembea. Waachwe.

Kuhusu viboko, kanuni za Tanzania Bara za mwaka 2002 ziliweka kwamba vitolewe na mwalimu mkuu, au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, na visizidi vinne. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Mzazi una haki ya kwenda kwa mwalimu mkuu kueleza kwamba mtoto wako ana tatizo la kiafya.

Je, iko dawa?

Ipo. Inayojulikana zaidi ni methilifenideti. Haimponyi mtoto moja kwa moja, ila humsaidia kuwa makini kwa saa kadhaa. Yaweza kupunguza hamu ya kula na kuchelewesha usingizi, ndiyo maana daktari hufuatilia uzito, urefu na mapigo ya moyo. Kwa walio chini ya miaka sita, wataalamu hushauri kuanza na mafunzo ya malezi kwa wazazi. Usinunue wala kusimamisha dawa hii bila daktari. Anza katika kituo cha afya kilicho karibu, uombe barua ya kwenda hospitali yenye kliniki ya afya ya akili ya watoto. Kwenda huko hakumaanishi kwamba mtoto ni mwendawazimu.

Ndugu msomaji, wazee wetu walisema samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli, lakini kumkunja si kumvunja. Leo usiku, kabla mtoto wako hajalala, mtafutie jambo moja alilolifanya vizuri, hata liwe dogo, umtajie. Huenda ni mara ya kwanza wiki hii kusikia jina lake likiitwa kwa wema.

Wabillahi tawfiq.