Haikudai Mob, Inakudai Oili: Stori ya 1NZ-FE

Pita Marikiti ya Nairobi mangware, kabla tao ijae. Probox zimejipanga zikishusha sukuma na nyanya. Songa hadi Thika Road, Fielder za teksi ziko kwa jam, dere anacheki simu akingoja klayenti. Enda ushago, Axio ya mwalimu mkuu imepaki chini ya mti. Fungua boneti za hizo dinga, nyingi utapata injini ni moja: Toyota 1NZ-FE.

Kuna mayuthi mob wamelipa keja, wamesomesha madogo na kuanzisha biashara juu ya hii injini. Lakini uliza msee rimu zake ni saizi gani, atakujibu bila kufikiria. Muulize subwufa yake, atakushow wati zote. Muulize injini inakunywa oili lita ngapi, ananyamaza. Hiyo ndio hunikasirisha, juu nazipenda hizi mashine, na naona venye zinadedi mapema mikononi mwa watu wenye wangezitumia miaka mingi bado.

Ilitoka wapi

Familia ya NZ ilianza Japani mwisho wa miaka ya 90. Ndugu yake ya haibridi, 1NZ-FXE, ndio iliwekwa kwa Prius ya kwanza kabisa mwaka wa 1997. 1NZ-FE yenyewe, ya petroli tupu, ikasambazwa kwa dinga nyingi ndogo za Toyota: Vitz, Platz, Ist, bB, Sienta, Probox yenye ilitoka 2002, Axio, Fielder, hadi Premio na Allion za 1.5.

Kwa mtaa hiyo inamaanisha kitu moja: spea hazikosi. Ingia Kirinyaga Road ama Grogan useme "1NZ", hakuna mtu atakuuliza mara mbili. Plagi, koili, chujio, pampu ya maji, zote ziko, na makanika wa mtaani ameifungua mara nyingi hadi mikono yake inaijua.

Lakini kuwa rada hapa. Mwaka wa 2015 Toyota ilianza kuweka 2NR-FKE kwa Axio na Fielder nyingi za 1.5. Na Kenya hairuhusu dinga yenye imepita miaka 8 kuingia kutoka ng'ambo. So Fielder ya 1NZ yenye unaona ikiuzwa saa hii mara nyingi imeshakaa na watu hapa hapa, mmoja, wawili, pengine watano. Ukibuya dinga hiyo, unabuya pia tabia za wale walikuwa nayo.

Namba zake zinasema nini

Silinda 4 zimepangwa laini moja. Ukubwa ni cc 1,497. Upana wa silinda ni milimita 75, na pistoni inasafiri milimita 84.7. Valvu 16, kamshafti mbili juu, kompresheni 10.5 kwa 1. Nguvu ni karibu farasi 110 ikifika mizunguko 6,000, na toki yake inacheza karibu nyutoni-mita 140, kulingana na toleo.

Sasa cheki hiyo safari ya pistoni. Ni ndefu kuliko upana wa silinda. Injini ya aina hiyo huvuta poa mizunguko ikiwa chini, ndio maana Probox imebeba magunia inapanda mlima bila kelele mob, na ndio maana haimalizi mafuta haraka. Lakini ukidai kuovateki lori kwa barabara ya Naivasha, shusha gia mapema na upangie. Na kumbuka Nairobi iko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, so injini isiyo na tabo inapoteza nguvu kiasi. Peleka hiyo hiyo dinga Mombasa, utahisi imeamka.

Taimingi yake inaendeshwa na cheni, si belti, so hakuna ile gharama ya kubadilisha belti kila baada ya kilomita fulani. Halafu kuna VVT-i, mtambo wenye unageuza muda wa kufunguka kwa valvu za kuingiza hewa. Inafanya kazi kwa presha ya oili. Shika hiyo point, tunairudia.

Bloku ni ya alumini, ndani kuna kuta nyembamba za chuma kwa kila silinda. Hizo kuta hazikutengenezewa kuchongwa upya. Zikiisha, wengi huishia kutafuta injini ingine ya eksi-Japani. Kuitunza mapema ni rahisi kuliko hiyo safari.

Oili ndio kila kitu

Ukibadilisha oili na chujio, 1NZ inachukua lita 3.7. Mtungi moja wa lita 4 unatosha na kidogo inabaki ya kuongeza. Aina yenye inaipenda ni 5W-30. Hapa ndipo wasee huanza kuharibu: mtu anawekewa oili nzito ya bei rahisi juu "injini imezeeka". Oili nzito inachelewa kufika juu mangware ukiwasha, na VVT-i inahangaika nayo.

Kitu ingine ni kilomita. Sevisi ya mtaa ni kila kilomita 5,000, na hiyo ni sawa. Lakini ukikaa kwa jam ya Mombasa Road, injini inazunguka na kilomita hazisongi. Dere wa teksi anaunguza oili masaa yote hayo na odomita haimwambii. Kama wera yako ni ya kushinda kwa jam, badilisha kabla ya hizo 5,000.

Ukilenga, kinachofuata ni hiki. Oili chafu inaziba vishimo vya ringi za oili kwa pistoni. Ringi zinashikana, hazikwanguli oili kwa ukuta wa silinda, so oili inapanda juu na kuungua na petroli. Unaanza kuona moshi ya bluu, hasa ukikanyaga baada ya kuteremka mlima. Oili inapungua bila kuvuja hata tone chini.

Halafu inagusa cheni. Kidude chenye kinakaza cheni kinategemea presha ya oili. Ukisikia kelele ya chuma kwa sekunde chache ukiwasha mangware, hiyo ni cheni inakuongelesha. Mwisho inafika VVT-i: uchafu unaziba kachujio kadogo ka valvu yake, taa ya injini inawaka, mashine ya kupima inasoma kodi P0011. Ikisoma P0016, jua kuna uwezekano cheni yenyewe ishavutika.

Ringi, cheni, VVT-i. Matatizo matatu yenye fundi anaweza kukuchaji kila moja na bei yake, na chanzo mara nyingi ni kimoja.

Na hiyo taa nyekundu ya oili kwa dashibodi isikudanganye. Inapima presha, haipimi kiasi. Ikiwaka ukiwa barabarani, zima injini hapo hapo, juu vyuma vinaweza kuwa vishaanza kusagana. Chomoa dipstiki kila wiki: paki mahali tambarare, zima, ngoja dakika chache, chomoa, pangusa, rudisha, chomoa tena. Haikugharimu hata bob.

Ikianza kuchemka

Dinga nyingi ndogo za Toyota hazina mshale wa joto. Ziko na taa ya bluu ikiwa baridi na nyekundu ikiwa kubaya. Ukiona nyekundu, simama. Usiseme "wacha nifike tu pale mbele", juu hapo ndipo hedi ya alumini inapinda na gaskiti inapasuka.

Pampu ya maji ya 1NZ inazungushwa na fanibelti ya nje. Ikianza kuvuja huacha ganda la pinki ama nyekundu karibu na belti, kama dinga inatumia kulanti ya Toyota. Kama inatumia maji ya mfereji, utapata kutu. Maji ya mfereji yanakula njia za ndani pole pole, so weka kulanti halali.

Kuna mafundi wanatoa thamostati na kuitupa, ati dinga isichemke. Usikubali. Bila thamostati injini inakaa baridi, kompyuta inadhani ndio imewashwa tu, inamwaga petroli zaidi, na oili haifikii joto lake. Unakunywa mafuta mob na tatizo la rejeta halijaguswa. Na usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa moto. Watu wamechomeka uso hivyo.

Ikitetemeka

Kila plagi ya 1NZ iko na koili yake juu, so ni nne. Koili moja ikidedi, dinga inatetemeka, haivuti, na taa ya injini inapepesa. Mashine ikisoma P0301, ni silinda ya kwanza, ile ya upande wa fanibelti. Kabla ubuye koili, fanya hivi: hamisha koili ya silinda ya 1 uiweke silinda ya 2, ya 2 uiweke ya 1, futa kodi, endesha. Kodi ikigeuka P0302, koili ndio mbaya. Ikibaki P0301, angalia plagi, halafu injekta. Hapo hakuna msee anakuuzia koili nne na shida ni moja.

Usiendeshe hivyo siku nyingi, juu petroli yenye haijaungua inaenda kuua kataliti.

Kama inatetemeka ikiwa imesimama tu, na mizunguko inapanda na kushuka, safisha throto na sensa ya hewa kwanza. Vumbi ya barabara zetu inaziba haraka. Kama throto iko safi na bado inatetemeka ukiwa kwa D umekanyaga breki, cheki maunti za injini.

Ukienda kubuya

Mwambie muuzaji asiwashe dinga kabla ufike. Shika boneti na mkono, ikiwa ya moto, jiulize mbona. Iwashe mwenyewe ikiwa baridi na usikize cheni. Simamisha beshte nyuma acheki moshi. Fungua kifuniko cha oili: ukipata matope meusi, sevisi zilirukwa, ukipata rangi ya chai ya maziwa, maji na oili huenda vimekutana, cheki hedi gaskiti kabla utoe ganji. Chomeka mashine ya kodi hata kama hakuna taa, juu kuna wenye hufuta kodi asubuhi ya kukuuzia.

Na ukiweka injini ya eksi-Japani, badilisha sili ya nyuma ya krankshafti ikiwa bado iko nje. Ikianza kuvuja baadaye, itabidi giaboksi ishushwe.

Msee wangu, hii injini imeshatufanyia kazi kubwa na bado iko na nguvu. Kabla urushe doo kwa rimu, stika ama egzosi ya kelele, toa ya lita nne za oili halali na chujio. Kesho mangware, kabla uwashe, chomoa dipstiki. Ikiwa chini ya alama, ongeza kabla ufunge safari.