Sarufi na msamiati wa msingi wa Kichina

Kichina Sanifu (pia: Kimandarini, kwa Kichina: 普通话, pǔtōnghuà) ni lugha rasmi ya China. Nchini Tanzania kinafundishwa katika Taasisi za Confucius zilizofunguliwa mwaka 2013 kwenye Chuo Kikuu cha Dodoma na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hata hivyo, watu wengi hukutana nacho kazini. Katika ukanda wa Shinyanga na Geita, makampuni ya China yalipewa mwaka 2021 kazi ya kujenga reli ya kisasa (SGR) kati ya Mwanza na Isaka. Makampuni ya China pia yalijenga Daraja la Kigongo–Busisi kwenye barabara ya Mwanza kwenda Geita, lililofunguliwa Juni 2025. Kibarua anayetoka Mwadui, Wilaya ya Kishapu, kwenda kwenye kazi kama hizo huhitaji kuelewa mambo machache tu ya lugha hiyo, lakini huhitaji kuyaelewa bila kukosea.

Matamshi

Kichina huandikwa kwa alama, si kwa herufi. Wanaojifunza huanza na pinyin, yaani mwandiko wa herufi za Kilatini uliokubaliwa rasmi nchini China mwaka 1958. Vistari juu ya irabu huonyesha toni, nazo ni nne: mā ni mama, má ni katani, mǎ ni farasi, mà ni kutukana. Sokoni kosa la toni lina gharama, kwa kuwa mǎi ni kununua na mài ni kuuza. Kiswahili hakina toni, lakini Kisukuma kinazo. Ingawa toni za Kisukuma hufuata kanuni nyingine kabisa, sikio la Msukuma limezoea kwamba kupanda na kushuka kwa sauti kunaweza kubadili maana.

Sarufi

Mpangilio wa sentensi ni kama wa Kiswahili: mtendaji, kitenzi, kitendwa. Kitenzi hakibadiliki kamwe. Wǒ hē shuǐ ni “mimi nakunywa maji”, tā hē shuǐ ni “yeye anakunywa maji”. Wakati huonyeshwa kwa maneno kama zuótiān (jana), jīntiān (leo) na míngtiān (kesho). Kijineno le hufanya kazi inayokaribiana na “-me-”: wǒ chī le, nimekula. Kukanusha kuna njia mbili: wǒ bù chī, sili, wǒ méi chī, sikula.

Swali la ndiyo au siyo huongezewa ma mwishoni. Neno la kuulizia hubaki mahali pa jibu, sawa na Kiswahili: nǐ yào shénme? ni “wewe wataka nini?” Kinachopinduka ni sifa na umiliki, ambavyo hutangulia jina: dà chē, “kubwa gari”, wǒ de qián, “yangu pesa”.

Kichina hakina ngeli, lakini jina haliwezi kuhesabiwa bila neno la kuhesabia linaloangalia umbo au aina ya kitu. Tiáo ni ya vitu virefu kama barabara na samaki, liàng ya magari, kē ya vitu vidogo vya mviringo. Almasi moja ni yì kē zuànshí. Anayeanza akikwama hutumia ge kwa kila kitu, na hueleweka.

Hesabu na saa

Hapa ndipo kosa huumiza mfuko. Kichina kina neno moja, wàn, kwa elfu kumi. Laki moja ni shí wàn (kumi za elfu kumi), na milioni ni bǎi wàn. Msimamizi akitaja mshahara wa sānshí wàn, amesema laki tatu. Anayedhani wàn ni “elfu” atasikia elfu thelathini. Nne (sì) na kumi (shí) pia huchanganywa, hasa Mchina wa kusini anapozitamka. Ni heri kuandika tarakimu kwenye simu.

Saa huhesabiwa kuanzia usiku wa manane. Liù diǎn (“saa sita”) ni saa kumi na mbili kwa Kiswahili, na bā diǎn ya asubuhi ni saa mbili.

Msamiati wa kazini

Nǐ hǎo ni salamu ya kawaida. Fundi au dereva huitwa shīfu, nalo ni neno la heshima. Jina la ukoo hutangulia: Wáng shīfu, “Fundi Wang”. Bosi ni lǎobǎn, mshahara gōngzī, kupumzika xiūxi, bei gani duōshao qián, asante xièxie. Pamba ni miánhua, dhahabu huángjīn, daraja qiáo. Treni ni huǒchē, “gari la moto”, jirani kabisa wa “gari la moshi”.

Maneno matatu yajulikane kabla ya mengine yote: tíng (simama), xiǎoxīn (angalia) na wēixiǎn (hatari). La mwisho huandikwa 危险 kwenye mitambo na masanduku ya umeme, mara nyingine bila tafsiri yoyote.