NDEGE WANAOKUJA NA MVUA



Mwezi wa Novemba ukifika hapa Matembwe, sote tunatazama juu. Tunatafuta mawingu. Shamba limekwisha kulimwa. Mbegu ziko tayari. Kila mtu anamwuliza jirani yake, "Mvua itanyesha lini?"

Mwaka huu ukitazama juu, usitafute mawingu tu. Tazama na ndege. Utawaona mbayuwayu wakipita kasi juu ya nyasi, wakikamata wadudu. Huenda ukawaona pia korongo weupe, wakizunguka juu sana bila kupiga mabawa. Mwezi wa Julai hawakuwapo. Mwezi wa Juni mwakani hawatakuwapo. Je, wanatoka wapi? Wanakwenda wapi? Na sisi wakulima wanatuhusu nini?

Mimi ni bwana shamba. Chuoni nilifundishwa habari za mahindi, chai, mbolea na wadudu. Habari za ndege nilifundishwa moja tu: kwamba ni wezi wa nafaka. Mengine nilijifunza baadaye kazini. Moja kati ya hayo nililijifunza kwa kosa langu mwenyewe. Nitakueleza.

WAGENI KUTOKA MBALI

Korongo mweupe ni ndege mkubwa. Mwili wake ni mweupe, na mabawa yana weusi nyuma. Mdomo na miguu ni mekundu. Ndege huyu huzaa Ulaya, katika nchi kama Polandi na Ujerumani. Huko hujenga tundu lake juu ya mapaa ya nyumba na juu ya nguzo. Watoto wakikua, wote huanza safari. Hupita Uturuki, hupita Misri, huufuata mto Nile, kisha huingia Afrika Mashariki. Wengine huendelea mpaka Afrika Kusini.

Korongo hapendi kuvuka bahari pana. Mwili wake ni mzito, na kupiga mabawa kutwa nzima kungemchosha. Kwa hiyo hutafuta hewa ya moto inayopanda juu kutoka ardhini. Hewa hiyo humwinua, naye hutandaza mabawa tu. Akifika juu huteleza mbele mpaka apate hewa nyingine ya moto. Juu ya bahari hewa ya namna hiyo ni chache. Ndiyo sababu huzunguka kwa njia ya nchi kavu.

Mbayuwayu wa Ulaya naye ni mdogo sana. Uzito wake ni gramu 20 hivi. Sisi watu wa Matembwe tunajua kuku. Basi chukua yai moja la kuku mkononi mwako. Yai hilo ni zito kuliko mbayuwayu wawili. Lakini ndege huyo mdogo huvuka jangwa la Sahara kila mwaka, kwenda na kurudi.

KWA NINI WANAHAMA?

Watu wengi husema, "Wanakimbia baridi." Jibu hilo ni kweli nusu. Sababu kubwa ni chakula. Wakati wa baridi kali Ulaya, nchi hufunikwa na theluji. Wadudu hufa au hujificha. Ndege anayekula wadudu atakula nini? Wakati huohuo kwetu mvua zinaanza. Kumbikumbi wanatoka. Panzi wanazaliwa. Hapo meza imeandaliwa.

Basi kwa nini hawabaki huku moja kwa moja? Kwa sababu kiangazi cha Ulaya kina siku ndefu. Jua hukaa angani saa 16 au zaidi. Mzazi mwenye watoto wanaolia njaa hupata muda mrefu wa kuwatafutia chakula.

Njia wanaijuaje? Ndege hutumia jua mchana na nyota usiku. Tena huweza kuhisi nguvu ya sumaku ya dunia, kama dira inavyofanya. Korongo wadogo huwafuata wakubwa. Mbayuwayu mdogo huzaliwa na ujuzi huo ndani yake.

MKUKI ULIOTOA USHAHIDI

Zamani hata Wazungu hawakujua ndege hawa wanakwenda wapi. Wengine walidhani kwamba mbayuwayu hulala ndani ya tope chini ya maziwa. Mwaka 1822 korongo mmoja aliuawa huko Ujerumani. Shingoni mwake kulikuwa na mkuki umepenya. Mkuki huo ulikuwa wa Afrika! Mtu wa huku kwetu alimchoma, lakini hakufa. Aliruka na mkuki wake mpaka Ulaya. Ndege huyo alikaushwa, na mpaka leo yumo katika chuo kikuu cha Rostock, Ujerumani.

Baadaye ilipatikana njia isiyoumiza. Mwaka 1899 mwalimu mmoja wa Denmark, Hans Christian Mortensen, alianza kuwavisha ndege pete nyepesi mguuni. Kila pete ilikuwa na namba yake. Mwezi wa Mei mwaka 1911, mbayuwayu mmoja alivishwa pete Uingereza. Mwezi wa Desemba mwaka 1912 alikamatwa Natal, Afrika Kusini. Hapo watu waliamini.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiokota ndege aliyekufa mwenye pete mguuni, usiitupe pete. Usimpe mtoto achezee. Andika namba na herufi zote zilizomo. Andika mahali na tarehe. Peleka habari hizo kwa mtendaji wa kijiji au kwa afisa wanyamapori. Kama ndege yu hai, soma namba kisha umwache aende zake.

MGENI WA AFRIKA YENYEWE, NA KOSA LANGU

Si wageni wote wanaotoka Ulaya. Yuko mbayuwayu wa buluu. Rangi yake ni buluu nzito inayong'aa. Dume ana mkia wenye nyuzi mbili ndefu. Huyu hazai Ulaya. Huzaa katika nyanda za juu zenye nyasi kusini mwa Afrika, pamoja na nyanda zetu za Njombe na Kitulo. Hufika huku mvua zinapokaribia, kuanzia Septemba. Mvua zikiisha, huenda kaskazini kwenye nyasi za Uganda, za magharibi ya Kenya, na za kaskazini mashariki ya Kongo.

Ndege huyu ana desturi ya ajabu. Hajengi juu ya mti wala darini. Huingia ndani ya shimo ardhini, mara nyingi shimo lililochimbwa na muhanga. Huko ndani hubandika tundu lake la udongo na nyasi ukutani. Mara nyingi hutaga mayai matatu.

Mimi sikuyajua hayo. Miaka mingi iliyopita kituo changu cha kazi kilikuwa upande mwingine wa Njombe, kwenye nyasi tupu. Siku moja mzee mmoja aliniita. Ndama wake alikuwa ametumbukia shimoni na kuvunjika mguu.

"Bwana shamba," aliniuliza, "shimo hili nilifanyeje?"

"Lifukie, mzee," nilimjibu. "Na mengine yote uyafukie."

Tulikuwa mwezi wa Novemba. Vijana walileta majembe. Nilisimama pale nikawasimamia. Ndege wawili weusi walikuwa wakipita juu ya vichwa vyetu, wakirudi, wakipita tena. Kijana mmoja alicheka, akasema wanatusalimia. Nami nilicheka.

Mwaka uliofuata alikuja mtaalamu wa ndege. Alituuliza kama tumewaona mbayuwayu wa buluu. Alituonyesha picha. Mzee yule aliitazama picha muda mrefu, kisha akanitazama mimi. Hatukuwa na la kusema. Wale hawakuwa weusi, walikuwa wa buluu. Wala hawakuwa wanatusalimia. Tulikuwa tumefukia nyumba yao, na huenda na watoto wao walikuwamo.

Mtaalamu yule hakutulaumu. Alisema ndege hawa wamebaki wachache duniani, na sababu kubwa ni kupungua kwa nyasi. Kisha alimweleza mzee njia nyingine: zungushia shimo uzio wa fito, juu uache wazi. Ng'ombe hataanguka, na ndege atapita. Kazi yake ni ya nusu siku. Ningalijua, ningalimshauri hivyo tangu mwanzo.

NYASI SI NCHI ISIYO NA KAZI

Sisi huku tunapenda kupanda miti na chai. Ni vizuri. Misindano, miwati na milingoti imejenga nyumba nyingi za bati na kusomesha watoto wengi. Sisemi tuache. Lakini tumezoea kusema kwamba mahali penye nyasi tu ni pori tupu lisilo na kazi. Hapo tunakosea.

Nyasi hushika udongo na kuyapokea maji ya mvua. Bonde lenye nyasi hutoa maji hata wakati wa kiangazi. Tukipanda milingoti mpaka kwenye chemchemi, miti hiyo hunywa maji mengi, na vinyungu vyetu hukauka. Ndiyo sababu Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kuharibu ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji. Mita hizo 60 ukiziacha na nyasi zake, umehifadhi maji yako, na ndege naye amepata mahali pake.

Serikali nayo imetenga mahali. Mwaka 2005 Kitulo ilifanywa Hifadhi ya Taifa, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 413 hivi. Watu wengi hupaita Bustani ya Mungu kwa ajili ya maua yake. Mbayuwayu wa buluu huzaa huko. Lakini hifadhi moja haitoshi. Ndege hajui mpaka wa hifadhi. Shimo analolitaka huenda limo katika malisho yako.

Tena maji yetu yanasafiri kama ndege. Yanashuka kwa mito kama Ruhuji, yanaingia Kilombero, kisha Rufiji, mpaka baharini. Pale mto unapogawanyika kabla ya kuingia baharini pana mikoko na matope mengi. Hapo huja vitwitwi, ndege wadogo wa pwani. Wengine wamezaliwa Siberia, mbali kabisa kaskazini. Mwaka 2004 eneo hilo la Rufiji, Mafia na Kilwa liliingizwa katika orodha ya Ramsar, yaani orodha ya dunia ya ardhi zenye maji zinazostahili kutunzwa. Mtu wa Njombe akitunza chemchemi, anamtunza pia ndege wa pwani ambaye hajapata kumwona.

TUFANYE NINI?

Kwanza, tuwatumie ndege kama walinzi. Korongo hupenda panzi na viwavijeshi. Ukiwaona korongo wengi wamekusanyika malishoni, usipite tu. Nenda ukatazame. Huenda viwavi wapo, na kesho watahamia kwenye mahindi yako. Mwarifu bwana shamba siku hiyohiyo. Lakini usiwategemee ndege kwa kila kitu. Yule kiwavi mgeni aliyeingia Afrika mwaka 2016 hujificha ndani ya moyo wa mhindi. Huyo lazima umkague mwenyewe, mmea kwa mmea.

Pili, tuwe waangalifu na sumu. Usipulize dawa kabla ya kuona mdudu. Tumia kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Ndege akila mdudu mwenye sumu, naye anaweza kufa. Ukiokota ndege aliyekufa hivyo, usimle wala usimpe mbwa.

Tatu, tusichome moto nyasi ndege wakiwa wamefika. Na watoto tuwafundishe kuacha kuwapiga mbayuwayu kwa manati. Mbayuwayu hali mtama, wala ulezi, wala mpunga. Anayekula nafaka ni kwelea kwelea, na wenzetu wa Usangu wanamjua vizuri. Huyo ni adui wa shamba. Usimwadhibu mbayuwayu kwa kosa la kwelea.

KAZI YAKO, MSOMAJI

Wewe sasa unajua kusoma na kuandika. Chukua daftari. Siku ya kwanza utakapomwona mbayuwayu, andika tarehe. Siku ya kwanza utakapomwona korongo, andika. Siku mvua ya kwanza ya kupandia itakaponyesha, andika. Fanya hivyo kila mwaka. Baada ya miaka mitano utakuwa na habari ambazo hata bwana shamba wako hana, naye atakuja kukuuliza.

Yule mzee hakujua kuandika. Lakini alimpa mjukuu wake daftari. Nilipopita kwake mara ya mwisho kabla ya kuhama, lilikuwa limekwisha kuandikwa misimu mitatu. Kwenye lile shimo tulilolifukia, ndege hawakurudi kamwe. Lakini mbali kidogo, mteremkoni, palikuwa na shimo jingine, na mzee alikuwa amelizungushia fito kwa mikono yake. Katika daftari, chini ya tarehe ya mwezi wa Oktoba, mtoto alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: WAWILI WAMEINGIA.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Korongo mweupe hupita njia gani kutoka Ulaya? Kwa nini havuki bahari pana?
2. Utafanya nini ukiokota ndege mwenye pete mguuni?
3. Katika kijiji chako, ni mahali gani penye nyasi panapostahili kuachwa? Kwa nini?
4. Shimo la muhanga likiwa malishoni, mtu afanyeje ili ng'ombe asiumie na ndege asipoteze nyumba yake?